Samaki Katika Simu ya Wifi

Asubuhi ile Mpishi alisema haendi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, mkono wa kushoto umeviringishwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Seremala kwa sababu ya kazi yake, alisimama mlangoni ameshika funguo za karakana, akadhani hakusikia vizuri.

"Huendi wapi?"

"Kufungwa kidonda. Siendi tena."

Seremala alitazama saa, akatazama mguu, akatazama dari. Alikuwa mtu anayeweza kushinda siku nzima akinyoosha ubao uliopinda, lakini mbele ya mtu aliyekataa hakujua ashike wapi. Akasema wataongea jioni, akaenda zake kazini.

Kilichompata Mpishi kilijulikana mtaa mzima. Katika jiko la shule alikokuwa akipika, sufuria kubwa la chai lilikuwa na sikio lililolegea. Mpishi alikuwa amelisema sikio hilo kwa kila aliyestahili kuambiwa, na kila mmoja alimjibu kwamba litashughulikiwa. Siku moja, yeye na mwenzake wakiwa wanaliepua, sikio likachomoka na chai yote ikammwagikia mkononi na pajani. Alilazwa, akatolewa, akaambiwa awe anarudi kliniki kila baada ya siku moja kusafishwa na kufungwa upya.

Ajabu ni kwamba siku yenyewe ya kuungua hakuikumbuka sana. Alichokumbuka ni chumba cha vidonda: meza ya bati iliyofunikwa shuka la kijani, harufu ya dawa, na sauti ya bandeji inapoachana na nyama. Nesi alikuwa anailowesha kwanza, anangoja, anavuta taratibu, halafu anaanza kuondoa ngozi iliyokufa. Dawa ya maumivu Mpishi alikuwa anaimeza mapema, lakini ilikuwa kama mwavuli mdogo kwenye mvua ya upepo. Usiku wa kuamkia kliniki hakulala. Asubuhi yake chakula hakikupita. Akirudi, mwili wote ulikuwa unatetemeka hadi jioni, na jioni ikifika anaanza kuifikiria safari ya kesho kutwa.

Kwa hiyo alikataa. Na kwa muda mfupi kukataa kulikuwa kutamu sana.

*

Sebuleni, kwenye kochi lile lile la siku zote, alikuwa wifi yake. Huyu alikuwa dada wa Seremala, mwanamke mtu mzima aliyeachika, akaja kukaa kwao "kwa muda", na muda ukawa unaendelea. Alikuwa anasuka nywele saluni mchana, na akirudi alikuwa anaketi, anatoa simu, na kidole kinaanza kukimbia kwenye kioo. Mpishi ndiye aliyemtungia jina la Kidole. Alilitunga kwa hasira, jikoni, peke yake, siku aliyokuta vyombo havijaoshwa na mwenyewe anacheza gemu. Jina likatoka jikoni likaenda mtaani, na sasa hata wateja wa saluni walimwita hivyo. Kidole hakuonekana kujali. Hilo nalo lilimkera Mpishi.

Tangu ajali, Kidole ndiye aliyekuwa anapika na kuosha. Hakusema lolote juu ya hilo, wala Mpishi hakumshukuru. Walikuwa wanaishi kama abiria wawili waliopangiwa kiti kimoja.

Siku ya pili ya kliniki ikapita, Mpishi yuko kitandani. Bandeji ilibadilika rangi. Pajani kulikuwa na joto ambalo halikuwa la jua. Wakati wa mlo wa jioni binti yake wa mwisho, mtoto mdogo asiyejua kuficha kitu, alichukua sahani yake akasogea upande wa pili wa mkeka, akakaa karibu na baba yake. Hakuna aliyemkanya. Hakuna aliyesema kwa nini amesogea. Mpishi aliendelea kutafuna, kisha akasema ameshiba, akarudi chumbani.

Kidole akamfuata. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile tangu ahamie. Alisimama kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda alichokuwa anawekea mguu Mpishi, simu ikiwa mfukoni.

"Wifi, nikuulize kitu. Mle ndani, wakiwa wanakusafisha, unaangalia wapi?"

Mpishi alidhani anasutwa. "Naangalia wapi? Naangalia mkono wangu."

"Muda wote?"

"Sasa niangalie nini? Ukuta?"

Kidole alisogeza kigoda karibu na kitanda. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kusuka mtindo fulani, akamwambia kwamba alipoachika alikuwa analala chali usiku kucha anatazama dari, na kwenye dari alikuwa anaona kila neno aliloambiwa na kila neno ambalo angejibu. Alikonda. Mikono ilimtetemeka hadi wateja wakaanza kumkimbia. Mwenzake wa saluni akamwekea gemu moja kwenye simu, la kipuuzi tu, la kupanga mawe ya rangi. Lilimshika. Mawe yalikuwa yanataka macho yake na akili yake yote, hayakumwachia nafasi ya kutazama dari. Akachoka kwa kucheza, akalala.

"Si kwamba shida iliisha," alisema Kidole. "Nilipata tu mahali pengine pa kuangalia. Kesho twende wote. Ukiona halisaidii, sitakusumbua tena."

Mpishi hakujibu ndiyo. Alisema kwamba kesho si siku ya kliniki. Kidole akamwambia kwa kidonda kinachonuka hivyo, kila siku ni ya kliniki.

*

Nesi wa vidonda alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mikono myepesi kuliko ulimi. Alipofungua kidogo na kunusa, alimgombeza Mpishi kwa utulivu, maneno yakitoka moja moja kama vidonge. Akamwambia kwamba kidonda kimeanza kuoza, na kwamba kikiendelea hivi atapelekwa kukatwa ngozi ya paja lisiloungua ipandikizwe mkononi, na vidole huenda visifunguke tena. Akamwandikia dawa nyingine. Kisha akaona simu.

"Hiyo inakwenda wapi? Humu simu haziingii."

Kidole akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kigugumizi, kwa sababu mbele ya vazi jeupe alikuwa anapoteza maneno. Nesi alimsikiliza akiwa anavaa glavu. Alipomaliza, nesi akafungua droo, akatoa mfuko wa plastiki unaong'aa, akaitumbukiza simu ndani na kuufunga.

"Nimesikia kuna hospitali wanafanya hivyo na mashine zao za kuvaa machoni," alisema. "Sisi tuna mfuko. Ukiniangushia hiki kitu kwenye kidonda, utakitafuna."

Kidole alisimama upande wa kulia wa meza, akaishika simu karibu na uso wa Mpishi, mahali ambapo mkono wa kushoto haukuonekana. Kwenye kioo kulikuwa na maji ya buluu na samaki mdogo wa manjano. Kazi ilikuwa rahisi: umwongoze samaki kwa kidole, ale walio wadogo kuliko yeye, akimbie walio wakubwa. Kila akila, anakua. Mpishi aliona ni upuuzi mtupu. Alijaribu kwa kidole cha mkono mzima, samaki akagonga jiwe, akaliwa kabla hajameza hata mmoja.

"Kule nyuma ya majani," Kidole alisema. "Jifiche kwanza, uwaache wapite."

Nesi akamwaga maji kwenye bandeji. Mpishi akashtuka, akageuza kichwa, na Kidole akaisogeza simu mbele ya macho yake. Samaki alikuwa anafukuzwa. Mpishi akamkimbiza kushoto, akamkimbiza juu, akapenya kati ya wawili wakubwa wenye meno, akala mdogo, akala mwingine. Bandeji ilikuwa inavutwa. Alijua inavutwa. Maumivu hayakwenda popote, ila yalikuwa kama mtu anayebisha hodi wakati wewe una maziwa jikoni yanayokaribia kufurika: unamsikia, lakini unamwacha asimame kidogo.

Hakupona siku hiyo kwa muujiza. Nesi alipofika katikati ya vidole, Mpishi alilia, na samaki akaliwa, na Kidole akamwanzishia mwingine. Aliposhuka mezani gauni lilikuwa limeloa jasho mgongoni. Lakini hawakusimama katikati, hawakumwita mtu wa kumshika, na nesi aliweza kusafisha hadi mwisho. Wakiwa njiani kurudi, Mpishi alisema jambo la kwanza la kirafiki alilowahi kumwambia wifi yake.

"Yule mkubwa mwenye doa mgongoni, anatokea upande gani?"

*

Ikawa desturi. Kliniki walikwenda wote wawili, na Kidole akapanga zamu zake za saluni zianze mchana. Joto la paja likaondoka, harufu ikaondoka, binti wa mwisho akarudi upande wake wa mkeka kana kwamba hakuwahi kuhama. Usiku wa kuamkia kliniki Mpishi sasa alikuwa anawaza namna ya kuvuka hatua iliyomshinda. Alikuwa analala.

Mkono ulipoanza kufunga ngozi mpya, tatizo likageuka. Vidole vilikuwa vinakaza. Nesi akamwambia avikunje na kuvikunjua kila mara, vinginevyo kovu litavifunga kama ngumi na hatashika mwiko tena. Mpishi alijaribu, akaona ni kama kukunja ngozi ya mtu mwingine, akaacha. Kidole akatafuta gemu jingine, la kuchuma matunda kwa kuyabana kati ya kidole gumba na cha shahada, akamwekea sharti: hili ni la mkono wa kushoto tu, ukitumia wa kulia umedanganya. Kulikuwa na matunda yanayotaka kidole cha kati, na mengine cha pete, na ya mwisho yalikuwa yanataka kidole kidogo, ambacho ndicho kilichokuwa kibishi kuliko vyote. Mpishi alikuwa anabana huku anatukana matunda. Nesi alipoona, alifurahi, ila akaonya kwamba miguu nayo ni viungo: asubuhi gemu, jioni atembee hadi mwisho wa barabara na kurudi, asije akapona mkono akaota mizizi kwenye kochi.

Ndivyo walivyokutwa siku moja ambayo Kidole hakuwa na zamu. Ilikuwa alasiri, wamekaa kwenye kochi bega kwa bega, mguu wa Mpishi juu ya kigoda umefunikwa kanga, simu mapajani. Kidole kidogo cha Mpishi kilikuwa kimekaribia kubana embe. Kikateleza, embe likapasuka, wote wawili wakacheka hadi machozi. Mlangoni hodi ilikuwa imeshapigwa na hawakuisikia. Walipoinua macho, mwalimu mkuu wa shule alikuwa amesimama pale na mfuko wa matunda halisi, na nyuma yake mpishi mwenzake, aliyekuwa anaitwa Mama Kuni kwa sababu moto wa jikoni ulikuwa wake.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa adabu. Alikaa, akauliza hali, akatazama simu, akatazama mguu uliofunikwa, akatazama tena simu. Mpishi alijaribu kueleza, lakini kueleza kicheko baada ya kucheka ni kazi ngumu. Kila alichosema kilikuwa kinasikika kama kisingizio.

"Tunashukuru sana kukuona hivi," alisema mwalimu mkuu alipokuwa anaaga. "Kule shuleni tulikuwa tumeambiwa hali ni mbaya."

Alisema "tumeambiwa" kwa upole. Mama Kuni aliangalia chini.

*

Maneno hayakuchukua muda. Seremala aliyapata karakanani kwake, kutoka kwa mteja aliyekuja kuulizia kitanda. Mteja alimpongeza kwa mkewe kupona. Amesikia anashinda anacheza gemu na kucheka. Vijana waliokuwa wanapiga msasa walisimamisha mikono. Siku mbili baadaye mwalimu mkuu akampigia simu, akasema shule haina uwezo wa kumlipa mtu mwenye nafuu anayekaa nyumbani, kwamba Mpishi aripoti kazini mwisho wa mwezi ama nafasi apewe mwingine.

Seremala alirudi mapema. Hakupaza sauti, hakuwa na tabia hiyo. Alikaa kwenye kiti cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, akawaambia wote wawili wasikilize.

"Mimi nimezunguka kwa watu nikiwaambia mke wangu ana hali mbaya. Watu wametoa walichonacho. Sasa naonekana mwongo. Hiyo simu sitaki kuiona tena mikononi mwa mama watoto. Si hapa, si kliniki."

Mpishi alitaka kusema, mumewe akainua mkono. Kidole ndiye aliyejibu.

"Kaka, umewahi kuingia mle ndani?"

Ukweli ni kwamba Seremala hakuwahi. Wakati wa kulazwa alikuwa anakaa uani mwa hospitali, na tangu kliniki ianze kazi zilikuwa zinamtokea asubuhi hasa za siku hizo. Hakuwa mbaya; alikuwa mwoga wa jambo lile, na uoga wa mwanamume mwenye umri wake hauna mahali pa kukaa, ukavaa nguo za kazi. Swali la dada yake lilimuuma, na kwa kuwa lilimuuma akasema neno ambalo baadaye angetamani kulimeza: kwamba mtu aliyeshindwa kutunza nyumba yake asije kuharibu ya mwenzake.

Kidole alisimama. Alichukua mkoba wake na chaji yake, akasema atakuwa kwa mwenzake wa saluni. Alipopita karibu na Mpishi alimgusa bega lisilo na jeraha. Mlango ulifungwa taratibu, na ule upole ndio uliowatesa waliobaki.

*

Siku ya kliniki Seremala mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mkewe. Kwenye korido alikaa benchi, akamwambia yupo hapo hapo, akihitaji kitu aite. Mpishi akaingia peke yake.

Hakupita muda mlango ukafunguka, nesi akatoa kichwa.

"Baba, njoo umshike. Leo hatulii."

Hakukuwa na njia ya kukataa. Seremala aliingia, akasimama pale alipoonyeshwa, upande wa kulia wa meza. Bandeji ya paja ilikuwa imeshafunguliwa. Alitazama mara moja, na ile mara moja ilitosha. Alijua mbao zilizoliwa na wadudu, alijua ngozi ya mti inavyobanduka na kuacha utelezi mwekundu chini yake, lakini hii ilikuwa inapumua, na ilikuwa ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote. Alishika ukuta. Nesi akamwambia akitaka kuanguka aangukie nje.

Alipoanza kusafishwa, Mpishi alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, macho yakiwa kwenye kidonda, hayabanduki. Seremala alikumbuka walichokuwa wanafanya mkewe na dada yake. Akatoa simu yake. Ndani yake hakukuwa na gemu. Kulikuwa na picha za kazi zake. Akaiweka mbele ya uso wa mkewe, akaanza kuzisogeza moja moja.

"Hili kabati ni la yule mama wa duka la dawa. Angalia milango yake. Hiki ni kitanda... hiki nacho ni kitanda."

Mpishi alijitahidi kutazama, kwa ajili yake. "Kizuri," alisema kwa meno yaliyobana. "Hiki cha nani?" Lakini kitanda hakimfukuzi mtu, na kabati halina meno. Nesi alipogusa katikati ya vidole, Mpishi alivuta mkono kwa nguvu, akapiga trei, vifaa vikatawanyika sakafuni. Alilia kwa sauti ambayo Seremala hakuwahi kuisikia kwake, hata kwenye uzazi.

Nesi akaweka mkasi chini. Alifunika kidonda kwa shashi iliyoloweshwa.

"Mlete yule dada," alisema. "Nitamngoja."

Saluni haikuwa mbali. Seremala alikwenda nusu anatembea, nusu anakimbia, vumbi la mbao bado limo kwenye mikunjo ya suruali. Alikuwa hajawahi kuingia saluni ya wanawake maishani. Wote waliokuwa chini ya mashine na mbele ya vioo walimgeukia. Dada yake alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima.

"Njoo," Seremala alisema.

"Wapi? Si ulisema—"

"Nimeingia mle ndani."

Kidole alimtazama uso. Akaacha kusuka. Kabla hajasema kitu, mteja akavuta kitambaa akajifunga kichwani, akasema yeye atakaa, nusu kichwa haijawahi kumuua mtu.

Walirudi kwa haraka. Kidole alinawa mafuta mikononi, akatoa simu, nesi akaleta mfuko. Seremala hakutoka. Alisimama nyuma ya dada yake, akaona samaki wa manjano akijificha nyuma ya majani, akaona mkewe akiacha kung'ang'ania meza, kidole chake kikianza kukimbia. Aliona pia machozi yakimtiririka huku anacheza. Hilo ndilo hakuwa amelielewa: kwamba mtu anaweza kucheza na kuumia kwa wakati mmoja, na kucheza kusifute kuumia.

Jioni yake Kidole alirudi kwenye kochi lake. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Seremala alileta sahani ya chakula kutoka jikoni, akamwekea dada yake mapajani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu wakiwa watoto.

*

Shuleni Seremala alikwenda kesho yake, amevaa shati la kutokea. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti. Seremala alimwambia hakuja kugombana. Alimwambia sikio la sufuria analifahamu, na kila mpishi wa pale analifahamu. Kisha akamwambia siku na saa ya kliniki inayofuata.

"Njoo uone kwa macho yako. Ukishaona, sema unalotaka kusema."

Mwalimu mkuu hakwenda. Aliyekwenda ni Mama Kuni, kwa hiari yake, na alisimama ndani ya chumba cha vidonda dakika chache tu kabla ya kutoka kwenda kuegemea ukuta wa korido. Alirudi shuleni akaongea. Aliongea jikoni, akaongea kwenye chumba cha walimu walipokuwa wanakunywa chai, chai iliyopikwa kwenye sufuria jipya. Hatujui mwalimu mkuu alijiambia nini peke yake. Kilichojulikana ni kwamba alipiga simu tena, akasema nafasi ya Mpishi ipo, na kwamba atakuwa analipwa nusu hadi atakapopona. Nusu haikutosha. Seremala alikubali, kwa kuwa nusu iliyopo inashikika.

Mpishi alipona kwa namna ya watu walioungua: si kurudi alivyokuwa, bali kuzoea alivyo. Mkono ulibaki na ngozi inayong'aa, ya rangi nyingine, na kidole kidogo hakikukubali kunyooka kabisa. Lakini alishika kisu, akashika mwiko, akamsuka binti yake nywele vibaya, Kidole akazifumua na kuzisuka upya. Bado alikuwa anatembea hadi mwisho wa barabara kila jioni. Bado alikuwa anacheza, kidogo, na wifi yake alikuwa amembwaga mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri.

Siku ya mwisho ya kliniki, nesi alipomwambia hahitaji kurudi, hakumwachia aondoke. Alimwomba asubiri. Mezani alikuwa ameletwa mchomeleaji vyuma, mtu wa miraba minne, aliyelipukiwa na mtungi wa gesi kazini. Kifua na mikono yote miwili vilikuwa vimefungwa. Alikuwa mgeni wa chumba kile, na macho yake yalikuwa yametoka. Kidole alikuwa kazini, lakini simu alimwachia Mpishi asubuhi ile, na Mpishi akaitoa, nesi akaleta mfuko.

Kwa kuwa mikono ya yule mtu haikuweza kufanya kazi, walikubaliana kwamba yeye atakuwa anasema, Mpishi atakuwa anamwongoza samaki. Alimweleza wadogo wa kula na wakubwa wa kukimbia. Mchomeleaji alisikiliza kwa mashaka. Alisema yeye gemu aliwakataza hata wanawe.

"Sasa huyu mwenye meno akinila?" aliuliza.

"Unaanza upya."

"Na akinila tena?"

"Unaanza tena. Humu hakuna anayekucheka."

Nesi akamwaga maji kwenye bandeji. Mchomeleaji alivuta pumzi kwa nguvu, kisha akasema, kwa sauti nyembamba isiyofanana na mwili wake, "Kulia. Mama, mpeleke kulia, anakuja." Mpishi akampeleka kulia. Simu alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, ameinua juu ya uso wa yule mtu, na baada ya muda mkono ukaanza kuchoka, kisha kutetemeka. Hakubadilisha. Aliushikilia pale pale, samaki akiliwa na kuanza upya, hadi nesi alipofunga fundo la mwisho.